Luteni Kanali Dobrovolsky, kamanda wa lindo la kwanza angani

Katika ukuta wa Kremlin mjini Moscow, mahali palipohifadhiwa majivu ya mashujaa wa uliokuwa Muungano wa Kisovieti, mna majina yaliyovuma dunia nzima. Jina la Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kuruka katika anga za juu, limo. Katika ukuta huo huo mna jina la afisa mwingine wa jeshi la anga ambaye habari zake hazisimuliwi mara kwa mara miongoni mwetu, ingawa sisi tuvaao sare tuna mengi ya kujifunza kwake. Afisa huyo ni Luteni Kanali Georgy Dobrovolsky.

Dobrovolsky ndiye aliyekuwa kamanda wa kikosi cha kwanza cha binadamu kuingia na kuishi katika kituo cha anga. Jambo hilo lilitendeka mwezi Juni mwaka 1971. Yeye na wenzake wawili walikaa angani siku 23 na saa kadhaa, muda ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia kabla yao. Kazi waliyotumwa waliimaliza. Lakini hawakurudi nyumbani wakiwa hai, na kilichowaua hakikuwa adui wala dhoruba, bali kifaa kidogo ambacho hakuna aliyekitilia shaka.

Kijana wa Odessa

Georgy Dobrovolsky alizaliwa tarehe 1 Juni 1928 katika mji wa bandari wa Odessa, ulioko Ukraine kando ya Bahari Nyeusi. Alilelewa na mama yake, kwa kuwa baba aliiacha familia mtoto akiwa bado mdogo. Kama walivyo watoto wengi wa miji ya pwani, alikua akitazama meli zikiingia na kutoka, na tamaa ya moyo wake ilikuwa siku moja awe baharia.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia iliyakatiza maisha hayo. Mwezi Oktoba 1941 Odessa ilitekwa na majeshi ya Romania yaliyoshirikiana na Ujerumani. Dobrovolsky alikuwa na umri wa miaka 13. Wakazi wa mji walianza kupinga utawala wa wavamizi kwa siri, naye kijana huyo hakukaa kando. Mwezi Februari 1944, akiwa hajatimiza hata miaka 16, alikamatwa akiwa na silaha. Aliteswa ili awataje wenzake, kisha akahukumiwa kifungo cha miaka 25 pamoja na kazi ngumu.

Kifungo hicho hakukitumikia. Alitoka mikononi mwa wavamizi kabla utawala wao haujaanguka, na mwezi Aprili mwaka huo huo Jeshi Jekundu likaukomboa mji. Hata hivyo, mtu aliyepita katika chumba cha mateso akiwa na umri wa mwanafunzi hawi tena kama vijana wengine. Wale waliokuja kufanya kazi naye baadaye walimfahamu kuwa mtu mtulivu, asiyependa makelele, aliyezoea kupima jambo kabla ya kutamka.

Bahari hakuipata. Njia yake iligeukia anga. Alijiunga na shule maalumu ya jeshi la anga mjini Odessa, akamaliza mwaka 1946, na mwaka 1950 akahitimu urubani katika chuo cha kijeshi cha Chuguev. Tangu hapo alitumikia vikosi vya ndege za kivita. Wakati huo huo aliendelea na masomo, na mwaka 1961 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Jeshi la Anga kilichokuwa Monino, karibu na Moscow. Alikuwa pia hodari wa kuruka kwa mwavuli, na aliruka zaidi ya mara mia moja.

Miaka minane ya kungoja

Mwezi Januari 1963 Dobrovolsky alichaguliwa kuingia katika kikosi cha wanaanga. Mtu angedhani kwamba baada ya kuchaguliwa safari ingefuata upesi. Haikuwa hivyo. Wenziwe waliruka mmoja baada ya mwingine, majina yao yakatangazwa redioni na picha zao zikabandikwa kila mahali. Yeye aliendelea na mazoezi. Alizungushwa katika mashine za kupimia uvumilivu, alisoma michoro ya vyombo, alifanya mitihani, akarudia tena mwaka uliofuata. Miaka minane ikapita. Alikuwa na mke na binti wawili, na umri ulikuwa ukisogea kuelekea miaka 43.

Kila askari aliyewahi kuwekwa katika kikosi cha akiba anaujua ugumu wa kazi hiyo. Anayekwenda mstari wa mbele ana jambo la kumwamsha kila asubuhi. Aliye akiba hujiandaa kwa siku ambayo huenda isifike kamwe, na hapo ndipo nidhamu ya kweli hupimwa. Waswahili husema akiba haiozi. Dobrovolsky hakuiacha akiba yake ioze.

Mwanzoni mwa mwaka 1971, kufuatia mabadiliko ya makamanda, alikabidhiwa kikosi cha watu watatu. Wa pili alikuwa mhandisi Vladislav Volkov, ambaye peke yake kati yao alikuwa amekwisha kuruka, katika chombo cha Soyuz 7 mwaka 1969. Wa tatu alikuwa mhandisi Viktor Patsayev, mzaliwa wa Kazakhstan, ambaye baba yake aliuawa vitani mwaka 1941. Kikosi hicho kilikuwa cha akiba. Mbele yao kulikuwa na vikosi vingine vilivyokusudiwa kwenda kwanza.

Kituo cha anga ni nini?

Watoto wetu hutuuliza maswali mengi wanapotazama nyota inayotembea usiku, na si kila mzazi huwa na jibu. Basi na tulieleze jambo hili kwa maneno mepesi, ili kila mmoja aweze kulipeleka nyumbani.

Mtu akirusha jiwe mbele, jiwe huanguka hatua chache kutoka aliposimama. Akilirusha kwa nguvu zaidi, huanguka mbali zaidi. Sasa na tuwaze mrushaji mwenye nguvu zisizo na kifani, alirushaye jiwe kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, juu kabisa ambako hakuna hewa ya kulipunguza kasi. Jiwe hilo litaendelea kuanguka, lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, ardhi nayo itakuwa inainama chini yake kwa kadiri ile ile. Jiwe halitaifikia ardhi. Litaizunguka dunia tena na tena. Roketi ndiyo mrushaji huyo, na chombo cha anga ndicho jiwe. Kwa mwendo huo chombo huizunguka dunia nzima kwa muda wa dakika 90 hivi, na waliomo huona jua likichomoza na kuzama takriban mara 16 katika siku moja yetu.

Kwa sababu chombo na watu waliomo huanguka pamoja kwa mwendo mmoja, hakuna kinachomkandamiza mwenzake. Mtu haukanyagi uzito wake, bali huelea. Maji hayakai katika kikombe. Mlalaji asipojifunga hubebwa na upepo wa feni hadi pembeni. Hali hiyo hufurahisha siku ya kwanza, lakini misuli na moyo ambavyo havifanyi kazi ya kubeba mwili hulegea. Mwaka 1970 wanaanga wawili wa Soyuz 9 waliokaa angani siku 18 walirudi wakiwa dhaifu mno, hata kusimama kukawa taabu.

Kituo cha anga, kwa hiyo, ni nyumba iliyorushwa juu ili ibaki huko ikizunguka, nao watu wakaenda na kurudi kwa vyombo vidogo, mfano wa lindo ambalo askari hupokezana zamu ilhali kibanda kinabaki pale pale. Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilirushwa na Wasovieti tarehe 19 Aprili 1971. Iliitwa Salyut, yaani saluti, kwa heshima ya Gagarin, kwa kuwa ilikuwa imetimia miaka kumi tangu aruke. Ilikuwa na uzito wa karibu tani 19 na urefu wa mita zipatazo 15, na katika sehemu yake pana zaidi upana wake ulizidi mita 4 kidogo. Ilizunguka dunia katika kimo cha zaidi ya kilomita 200.

Siku chache baada ya kituo kurushwa, kikosi cha kwanza kilipanda katika chombo cha Soyuz 10. Kilikifikia kituo na kukigusa, lakini vyombo viwili havikushikamana sawasawa, na watu hao wakarudi duniani bila kuingia. Kituo kikabaki kitupu, kikimsubiri mwenye zamu.

Siku mbili kabla ya safari

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Alexei Leonov, yule aliyekuwa binadamu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani mwaka 1965, pamoja na wenzake Valery Kubasov na Pyotr Kolodin. Dobrovolsky, Volkov na Patsayev walikuwa akiba yao. Safari ilipangwa kuanza tarehe 6 Juni kutoka kituo cha kurushia roketi cha Baikonur, Kazakhstan.

Siku tatu kabla ya safari madaktari walimpima Kubasov kwa eksirei, wakaona doa katika pafu lake. Walihofia kifua kikuu. Kanuni ilikuwa wazi: akiugua mmoja, kikosi kizima hubadilishwa, kwa kuwa watatu waliofanya mazoezi pamoja hufahamiana kuliko wawili wenye mgeni. Leonov alighadhabika sana, na yalikuwapo mashauri ya kumbadilisha mgonjwa peke yake. Mwishowe uamuzi ukafuata kanuni. Tarehe 4 Juni kikosi cha akiba kiliarifiwa kwamba kitakwenda.

Baadaye ilidhihirika kwamba Kubasov hakuwa na kifua kikuu, bali mwili wake ulikuwa umedhuriwa na kitu kisichopatana nao. Leonov na Kubasov waliruka pamoja mwaka 1975 na wakarudi salama. Kolodin hakupata kuruka kamwe. Hivyo ndivyo doa dogo katika picha ya eksirei lilivyoamua nani aende na nani abaki.

Dobrovolsky alikuwa na siku mbili za kujiweka tayari kwa jambo alilolingoja miaka minane. Hakuomba muda zaidi. Asubuhi ya tarehe 6 Juni, siku tano baada ya kutimiza umri wa miaka 43, aliketi katika kiti cha kamanda wa Soyuz 11. Roketi iliwapeleka katika njia ya mzunguko kwa muda wa dakika 9 hivi.

Lindo la siku ishirini na tatu

Siku ya pili waliufikia umbali wa mita 100 kutoka kituo kwa kuongozwa na mitambo. Kutoka hapo Dobrovolsky aliushika usukani mwenyewe. Alikisogeza chombo polepole, kama nahodha anayeileta meli gatini, hadi mabomba yakaingiliana na makufuli yakashika. Safari hii hapakuwa na hitilafu. Patsayev alikuwa wa kwanza kuingia ndani, na wa kwanza kusikia harufu ya kitu kilichoungua. Waliwasha mitambo ya kusafisha hewa, wakabadilisha vifaa vilivyoharibika, wakarudi kulala katika chombo chao mpaka hewa ya kituoni ikawa njema.

Ndipo kazi ilipoanza. Patsayev alielekeza darubini kwenye nyota kutoka mahali ambapo hewa ya dunia haiwezi kuufifisha mwanga wake. Mbegu zilipandwa katika bustani ndogo ili ijulikane kama mmea unaweza kuota pasipo uzito. Walijipima damu na mapigo ya moyo, wakapiga picha za ardhi na mawingu, wakapeana zamu za kulala. Picha zao zilionyeshwa katika televisheni, na muda si muda familia nyingi za nchi yao zikawa zinawafahamu watu hao watatu kama majirani. Tarehe 19 Juni Patsayev alitimiza miaka 38, akawa binadamu wa kwanza kusherehekea siku ya kuzaliwa akiwa angani.

Maisha hayo hayakuwa mepesi. Walikuwa na mashine ya kukimbilia ili misuli isilegee, lakini kila mmoja alipokimbia kituo kizima kilitikisika pamoja na mabawa yake ya kukusanya nishati ya jua, basi mazoezi yakapunguzwa. Uchovu uliongezeka. Tarehe 16 Juni hatari ya kwanza kubwa ikawafika. Harufu ya moshi ilitanda, kwani nyaya zilikuwa zikiungua mahali fulani ndani ya nyumba ambayo haina dirisha la kufungua wala uwanja wa kukimbilia.

Hapo lilijitokeza jambo ambalo wanajeshi tunalielewa vema. Volkov, mwenye moyo mkali na mwenye tajiriba ya kuruka, alielekea kutwaa madaraka ya kuamua. Wakubwa walioko duniani walimkumbusha kwamba mwenye amri ni kamanda, na kwamba maagizo yake ndiyo ya kufuatwa. Dobrovolsky hakugombana wala kupandisha sauti. Chombo cha kurudia kiliwekwa tayari kwa kuondoka, mitambo ikazimwa mmoja baada ya mwingine mpaka uliokuwa na kasoro ukapatikana, moshi ukakoma, na kazi ikaendelea. Ukamanda wa namna hiyo hauna mbwembwe. Mwenye nao huonekana kama hafanyi lolote, mpaka siku ya hatari.

Taa ambayo haikuzimika

Tarehe 29 Juni amri ya kurudi ilitolewa. Watatu hao waliingia katika chombo chao, wakajifunga mikanda, wakafunga mlango ulio juu yao. Taa ya tahadhari iliwaka ikionyesha kwamba mlango haujafungwa barabara. Waliufungua, wakaufuta ukingo, wakaufunga tena. Taa haikuzimika. Kila mtu, wa angani na wa duniani, alitambua maana yake: nje ya mlango huo hapakuwa na hewa.

Baada ya kuchunguza ilibainika kwamba mlango ulikuwa mzima, na kwamba kasoro ilikuwa katika kitufe kidogo cha kuipasha taa habari. Dobrovolsky alibandika kipande cha utepe juu ya kitufe hicho, taa ikazimika. Hewa ya chumba cha nje ikapunguzwa ili kuujaribu mlango, nao haukuvuja hata kidogo. Kwa hakika mlango haukuwa na ila. Lakini akili za wote zilikuwa zimeelekezwa mlangoni.

Hapa inatupasa tueleze umbo la Soyuz. Chombo hicho kina sehemu tatu zilizoungana. Sehemu ya mbele ni chumba cha kazi na mapumziko. Sehemu ya nyuma hubeba injini. Sehemu ya katikati, iliyo na umbo la kengele, ndimo watu huketi wakati wa kwenda na kurudi, na ni hiyo peke yake yenye ngao ya kuvumilia moto wa kuingia katika hewa ya dunia. Kabla ya kuingia, sehemu mbili nyingine hutupwa kwa kulipua vifungo vinavyoziunganisha.

Katika sehemu ya katikati kulikuwa na vali ndogo. Kazi yake ilikuwa kufunguka wakati chombo kinaning'inia katika mwavuli, kilomita chache tu juu ya ardhi, ili hewa safi ya nje iingie. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni, vifungo vilipolipuliwa, mshtuko wake uliifungua vali hiyo katika kimo cha kilomita 168.

Mpira wa baiskeli ukichomwa mwiba, upepo uliomo hukimbilia nje kwa sababu nje umepungua. Ndivyo hewa ya chumbani ilivyokimbia. Mwili wa binadamu umezoea kukandamizwa na hewa pande zote, na pumzi yake yategemea hewa hiyo. Ikitoweka ghafla, mtu hubaki na sekunde chache tu za fahamu, hata nusu dakika haifiki. Kuifunga vali hiyo kwa mkono kulihitaji karibu dakika nzima, na mahali pake palikuwa pagumu kufikika kwa mtu aliyefungwa kitini.

Mashine ya kurekodi ilikuwa ikiandika yote. Ilionyesha mapigo ya mioyo yakipanda na hewa ikitoweka kabisa kabla ya dakika mbili kutimia. Waliokagua chombo walikuta mikanda ya Dobrovolsky imefunguliwa na redio zimezimwa, yamkini ili waweze kusikia mlio wa hewa unatokea upande gani. Tunaweza kuamini kwamba alidhani ni ule mlango uliowasumbua jioni. Katika sekunde zile chache, badala ya kujikunyata kitini, kamanda alikuwa akiitafuta hitilafu ili awaokoe wenzake na nafsi yake. Walikosa muda tu.

Watatu hao hawakuwa na mavazi ya anga. Chumba kilikuwa kidogo, na ili watoshe watu watatu ilikuwa imekubaliwa tangu zamani kwamba waruke kwa mavazi ya kawaida. Vyombo vingi vilikuwa vimekwenda na kurudi kwa mtindo huo pasipo madhara, na usalama wa jana ukachukuliwa kuwa dhamana ya kesho.

Mitambo isiyojua kilichotokea iliendelea na kazi yake. Mwavuli ulifunguka kwa wakati. Saa 8.16 za usiku kwa saa za Moscow chombo kilitua salama katika nyika ya Kazakhstan. Helikopta zilishuka kando yake, waokoaji wakafungua mlango wakitaraji kuwapokea mashujaa. Waliwakuta wameketi kimya. Waliwatoa, wakawalaza juu ya majani, wakajitahidi kuwarudishia pumzi. Haikufaa kitu.

Urithi wake

Nchi nzima ilizizima. Dobrovolsky, Volkov na Patsayev walipewa cheo cha Shujaa wa Muungano wa Kisovieti baada ya kufa, na majivu yao yakahifadhiwa katika ukuta wa Kremlin. Miongoni mwa waliobeba majivu hayo alikuwamo mwanaanga wa Marekani, Tom Stafford, ingawa mataifa hayo mawili yalikuwa katika ushindani mkali. Mwezi Agosti mwaka huo huo wanaanga wa Marekani wa Apollo 15 waliacha juu ya Mwezi bamba lenye majina ya waliokufa katika kazi ya anga, wa nchi zote mbili, na majina ya watatu hao yamo. Shimo mojawapo la Mwezi limepewa jina la Dobrovolsky, hali kadhalika meli moja ya kufuatilia safari za anga ilipata kuitwa kwa jina lake. Yule mtoto aliyetamani ubaharia hakupata meli ya kuongoza, lakini jina lake lilisafiri baharini.

Kituo cha Salyut hakikupata wakazi wengine. Kiliangushwa tarehe 11 Oktoba 1971, kikaungua katika hewa ya dunia.

Hata hivyo urithi mkubwa wa Dobrovolsky haumo katika bamba wala katika ukuta. Umo katika kanuni. Safari za Soyuz za kubeba watu zilisimamishwa kwa zaidi ya miaka miwili. Vali ilitengenezwa upya. Ikaamuliwa kwamba hakuna atakayeruka wala kurudi pasipo kuvaa vazi la kumhifadhi endapo hewa itapotea, na kwa kuwa mavazi na mitungi yake vilihitaji nafasi, kiti kimoja kikaondolewa. Soyuz 12, iliyoruka Septemba 1973, ilibeba watu wawili badala ya watatu. Watu watatu hawakuruka tena pamoja katika Soyuz mpaka mwaka 1980, baada ya chombo chenyewe kuundwa upya. Tangu mwezi ule wa Juni 1971 hakuna mwanaanga aliyekufa safarini katika Soyuz, ingawa ziko safari zilizopata ajali kubwa na watu wake wakaokoka. Kila mwanaanga ajifungaye vazi hilo leo kabla ya kwenda katika kituo cha kimataifa hulivaa kwa sababu ya watatu wale.

Ndugu msomaji mwenzangu katika majeshi na polisi, sisi nasi tuna kanuni zetu. Ziko za kukagua bunduki kabla ya kuisafisha, za kuvaa kofia ya chuma katika jua kali, za kupima breki za gari kabla ya msafara, za kutia sahihi katika kitabu cha zamu. Askari kijana aghalabu huziona kuwa usumbufu wa wakubwa, hasa akiwa amezikiuka mara kumi pasipo kudhurika. Hajui kwamba nyingi kati yake ziliandikwa baada ya mtu fulani kubebwa kwa machela. Mdharau mwiba, wazee walisema, mguu huota tende.

Georgy Dobrovolsky aliteswa na adui akiwa na umri wa miaka 15 na hakuvunjika. Aliingoja zamu yake miaka minane na hakunung'unika. Aliitwa kwa siku mbili tu na alikuwa tayari. Aliuzima moshi pasipo kupaza sauti, alilinda lindo lake mpaka amri ya kurudi ilipotolewa, na katika sekunde zake za mwisho alifungua mkanda akaitafute hatari. Afisa wa namna hiyo alistahili kutua akiwa hai, akapiga saluti mbele ya wakubwa wake, kisha akaenda nyumbani kwa mkewe na binti zake. Kwa kuwa yeye hakurudi, wengine mamia wamerudi.